Nimekataa Kuwa Nguzo, Ukoo Unataka Niombe Radhi

Mama Idella mpendwa, nisaidie kabla sijapasuka, maana hapa Macon sina tena pa kusemea, kanisani wameninunia, kazini wamenichosha, na nyumbani binti yangu ananitazama kama anayesubiri kuona mama yake ataangukia upande gani.

Mimi ni mjane, mtoto wa kwanza wa ukoo wa Gaddis, na tangu mama yetu afariki ndiye ninayepika sikukuu, ninayeuguza wagonjwa, ninayekwenda kuwatoa wapwa zangu polisi, na mdogo wangu Cleotis, ambaye ni shemasi, hupenda kushuhudia mbele za watu kwamba "Dada Vernice hachoki, Mungu alimfinyanga kwa udongo mwingine," nami hutabasamu, lakini tangu baridi ianze kifua kinanibana na mkono unakufa ganzi, nikaenda kwa daktari Mzungu, akanigusa kwa ncha za vidole akasema, "Nyinyi ni watu wa kuvumilia, kameze aspirini," nilipomwambia Cleotis akacheka, akasema kumbe hata daktari kaona.

Basi safari hii, kwenye mkutano wa ukoo, wakaamua kunipa heshima, wakachapisha fulana za zambarau zenye picha ya uso wangu na maneno NGUZO YETU, na kibao cha kutundika ukutani, nikafurahi jamani, sidanganyi, mpaka Cleotis aliponipigia simu.

"Dada, kwa sherehe yako tunahitaji paja la nguruwe, makaroni ya jibini, mboga za majani, na ile pai yako ya viazi vitamu."

"Nani anapika?"

"Sasa Dada, nani mwingine?"

Nikapika, Mama Idella! Nilipika karamu ya kunisifu mimi mwenyewe, nimesimama jikoni mwa kanisa tangu alfajiri, na jina langu lilipoitwa nilikuwa bado na aproni, Cleotis akanikabidhi kibao, akaninong'oneza huku kipaza sauti kiko wazi, "Sema asante upesi, watu wana njaa."

Nikasema, "Asante. Sasa naomba mtu aniletee sahani." Nikaketi pale pale mbele.

Wakacheka, wakidhani natania. Hakuna aliyenyanyuka.

"Dada, chakula kiko jikoni," Cleotis akasema.

"Najua kiliko. Nimekipika mimi."

Shangazi Ozella akaipiga sakafu kwa fimbo yake. "Inuka, Vernice, usitutie aibu! Sisi tulichuma pamba na mimba zimefika kifuani, na hatukuomba sahani!"

"Mngeomba, Shangazi," nikamjibu.

Halafu mimi nikaanza kulia, na nililia kwelikweli, mbele ya nyuso zangu zote zile zilizokuwa zikitabasamu vifuani mwa watu. Binti yangu Renita ndiye aliyeniletea sahani. Cleotis akampiga begani, akasema, "Vizuri, mwanangu. Nguzo ya zamani imepata ufa, mwakani utapika wewe." Mtoto ana miaka kumi na sita, na hapo ndipo moyo wangu ulipogeuka.

Sasa Cleotis anataka Jumapili nisimame nilitake kanisa radhi, anasema wanawake wa Kizungu wa kazini wamenipotosha, na hao wenyewe sikiliza, pale kwenye kampuni ya simu wana kikundi cha kudai haki za wanawake, mkubwa wao Barbara nilimsimulia akanikumbatia, "Dada yangu, waachilie mbali hao wanaume wenu, njoo kwetu!" nikaenda mkutanoni, mlangoni akanipa watoto wao niwaangalie jikoni ili mama zao wapate nafasi ya kuzungumzia ukombozi. Huku mimi ni mwanamke, kule mimi ni Mweusi, na pande zote mbili niko jikoni. Cleotis nilimbeba mgongoni, polisi walipompiga mimi ndiye niliyekesha mlangoni pa kituo, siwezi kumchukia. Je, niombe radhi yaishe?

Vernice, Macon

*

Vernice,

Kwanza huo mkono. Kifua kubana na mkono kufa ganzi ni ugonjwa, si kabila. Kesho asubuhi nenda kwa daktari mwingine, na uende na mtu mwenye mdomo. Kama huna, nichukue mimi.

Sasa tuongee. Wamekuvika kilemba cha ukoka, mama, nawe ukauliza kioo kiko wapi. Ulivyoipenda ile fulana! Sikulaumu, nani hapendi kusifiwa? Ila tega sikio umsikie anayesema mwanamke Mweusi hachoki. Mwenye shamba alimsema hivyo bibi yako. Daktari kakusema wewe. Shemasi naye kachukua kipaza sauti. Watu watatu wasioweza kula meza moja, na neno lao ni moja! Ukiona hivyo ujue kuna kazi wanataka ifanywe bure. Punda afe, mzigo ufike.

Shangazi Ozella usimcheke. Hajawahi kuulizwa kama amechoka, tangu azaliwe. Mpelekee chakula, kaa naye, muulize. Jiandae kukaa sana.

Barbara mwambie hivi: "Nitakuja siku mumeo atakapobaki na watoto." Kisha nyamaza, umwache ahesabu. Na asikuambie umwachilie mbali Cleotis. Wewe na Cleotis mnapigwa na rungu moja, ila yeye akishapigwa hurudi nyumbani akakuta chakula mezani. Akiwa mikononi mwa polisi mpiganie. Akiwa na kipaza sauti mpinge. Nani alikuambia uchague moja? Mpaka leo yeye hajawahi kukupenda kwa kukuuliza umeamkaje, basi mfundishe, si ulimfundisha kutembea?

Radhi huombi. Ulilia kwa sababu unaumwa, ukaomba chakula kwa sababu una njaa. Dhambi iko wapi? Jumapili nenda kanisani na Renita, kaeni benchi la mbele, na ibada ikiisha mtoke na wengine mkale mtakachokikuta. Wakikuta masufuria makavu kwa kuwa hukupika, wanaume wa Gaddis wana mikono, nimewaona wakicheza karata.

Renita ndiye wa kuokolewa hapa. Mwakani asipike. Mwambie leo, kwa mdomo wako, kwamba hazaliwi mtu akawa nguzo.

Alhamisi jioni wanawake kadhaa hukutana sebuleni kwangu. Wapo wafua nguo, yupo mwalimu, yupo mmoja aliyemkimbia mchungaji. Hatuna ajenda, na hakuna anayepika, tunanunua samaki wa kukaanga pale kona. Njoo na binti yako. Na Cleotis akija kukutafuta, we kaa tu. Mlango nitaufungua mimi.

Mama Idella