Karatasi ya Mwenyekiti

Shoga uko wapi? Nimejifungia stoo ya jezi, nacheka hadi mbavu zinauma.

Unaijua ile sheria ya kocha wetu? Ukitaka kumsema mwenzako mle chumba cha wachezaji baada ya mechi, sharti utaje kwanza kosa lako. Hata yeye huanza na lake.

Leo tumefungwa mara ya tatu mfululizo. Nimesimama mlangoni na katoni la maji, mwenyekiti wa klabu huyo kaingia kafura, kamnyooshea golikipa kidole: "Wewe!"

Kapteni akainuka, adabu zote: "Shikamoo mzee. Tunaomba uanze na lako."

ANZA NA LAKO! Mwenyekiti!

Mzee akamtazama kocha. Kocha anaangalia dari.

Akashusha kidole. "Mimi... sheria ya kuotea sijawahi kuielewa."

Shoga, miaka kumi na miwili anawatukana waamuzi kwa kuotea!!

Hakuna aliyecheka. Mimi niliuma kola ya shati.

Kocha, taratibu kabisa: "Asante mzee. Nani ana karatasi nimchoree?" Na mzee, kwa kuchanganyikiwa, akachomoa ya mfukoni mwake akampa.

Karatasi niliyoichapa MIMI asubuhi. Barua ya kumfukuza kocha!

Kocha akaisoma. Akaigeuza. Akachora mabeki. Golikipa akapiga magoti kumfafanulia mzee, mpaka akaelewa akapiga makofi.

Subiri, kuna mtu anagonga.

Ni yeye mwenyekiti! Kaninong'oneza: "Katibu, usichape nyingine. Kesho nafundishwa kona."