Kilichoziba Masikio ya Mdogo Wetu

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
9 Machi

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu. Huku tu wazima, ila mgongo wa Mama ndio hauna adabu. Na wewe je, kile kikohozi kimekuacha? Kabla hujaingiwa na wasiwasi: mkeo hajambo, na mimba imetimiza miezi minne.

Jumanne Mama alimsindikiza kliniki, nami nikawabebea mkoba. Mkunga aliuliza mkeo anapikia chumvi gani. Akataja ile ya mawe, ya kupimwa kwa kopo. Akaambiwa anunue ya pakiti, yenye madini joto.

Mama akadakia, "Hiyo si ya kuzuia rovu tu?"

"Rovu ndilo linaloonekana shingoni, mama," mkunga akasema. "Lakini madini hayo yakimpungukia sana mjamzito, ubongo wa mtoto hudhurika tumboni, hata masikio. Wengine huzaliwa viziwi."

 Unakumbuka rovu alilokuwa nalo alipombeba kitindamimba wetu. Unakumbuka pia Shangazi alivyotangaza kwamba mtoto hasikii kwa laana, kwa sababu mama yake alikuwa na ulimi mchafu kwa wakwe. Miaka thelathini na mmoja Mama amelimeza neno hilo.

Mama akauliza kama ndicho kilichompata mwanawe kiziwi, au ni laana. Mkunga hakumdanganya. Alisema uziwi una sababu nyingi, hawezi kuapa, lakini yawezekana kabisa. Laana, alisema, haimo.

Jumapili Shangazi akaja. Mama alimweleza yote bila kupandisha sauti. Shangazi alikizungusha kikombe chake weee, kisha akasema, "Wifi, nilikukosea."

"Kunywa chai, inapoa," Mama akamjibu.

Kitindamimba alisimamisha cherehani, akaniuliza kwa mikono kulikoni. Nikamweleza. Akawaza kidogo, akauliza kama yapo madini ya kumziba Shangazi mdomo. Hilo sikumtafsiria mtu.

Pakiti ya chumvi nimeshanunua. Ya mawe tumeimwaga.

Shangazi alipoondoka, Mama aliingia chumbani. Alijinyoosha kitandani akalala fofofo, saa nane mchana. Tangu nipate akili zangu sijapata kumwona akilala mchana.

Mkeo, Mama na kitindamimba wanakusalimu. Shangazi pia, safari hii kwa maneno mawili tu. Mola akufunike ugenini.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye siku zote.