Krosi za Kiprono

Wafula ndugu yangu,

Nimekaa kitandani hapa Mansoura, Doha, mwenzangu wa chumba yuko zamu, na nimeamua kukuandikia kwa sababu hawa watu wako wamenichosha. Wamenichosha kabisa. Ulipokuwa nasi ulikuwa mbishi, hilo hata mama yako analijua. Lakini ubishi wako ulikuwa na mwisho. Chai ikija, unanyamaza. Sasa ubishi huo umerithiwa na mashabiki wote wa timu ya Chuo, hii yetu tuliosomea chuo kimoja nyumbani, na wao hata chai ikija wanabishana wakiinywa.

Kila mtu siku hizi ni msemaji wako. "Wafula angesema hivi." "Wafula hangekubali vile." Kuna soja mmoja, mlinzi wa lango, amekuja majuzi tu kutoka nyumbani. Kweli alipita chuo chetu kama sisi wote, lakini wewe hakukuona hata siku moja. Juzi akaniambia mimi, Nekesa, niliyekubebea koni za mazoezi misimu yote hiyo, kwamba sielewi falsafa yako.

Wacha nikueleze shida iko wapi. Unakumbuka ulivyopanga washambuliaji wetu ulipokuwa kocha wao. Winga anakimbia mpaka kwa kibendera, anainua krosi ndefu, na Kiprono anaruka kwenye mlingoti wa pili anapiga kichwa. Ilikuwa kazi safi. Timu zote za watu wa kwetu hapa Doha zilijua hiyo krosi inakuja, na bado zilifungwa. Kiprono akisimama katikati ya mabeki ulikuwa unaona kichwa chake na mabega pia.

Sasa Kiprono hayuko. Kandarasi yake iliisha muda mfupi baada ya mwili wako kusafirishwa nyumbani, naye akarudi Kapsabet kulima. Mbele tuna Hassan, yule kijana wa Likoni aliyesomea umeme pale Chuo. Hassan ananifikia kwa bega. Mbio anazo, akili anazo, na mpira ukiwa chini miguuni mwake beki anaweza kuanguka bila kuguswa. Lakini nani atampa mpira chini? Winga anafika kwa kibendera, anainua macho, anatazama pale Kiprono alipokuwa anasimama, na anapiga krosi. Mpira unapita juu ya Hassan, juu ya mabeki, unaenda kugonga magari yaliyoegeshwa nyuma ya goli. Na mashabiki wanapiga makofi. Makofi, Wafula. "Hiyo ndiyo krosi. Kama enzi za marehemu."

Msimu unakaribia kuanza, joto limepungua kidogo, tumecheza mechi za kirafiki, na bao hatujaona hata la kusingiziwa.

Ungewasikia wanavyojadili dawa. Kundi moja linataka Kiprono arudishwe, kana kwamba visa inaokotwa sokoni. Kundi lingine linatafuta mtu mrefu. Mrefu tu, basi. Ijumaa moja baada ya ibada, maana huku kanisani tunaenda Ijumaa, walimzingira Mganda mmoja wa kwaya, mpole, mrefu kama mnazi, wakamuuliza kama anaweza kuchezea timu yetu. Akasema hajawahi kupiga mpira tangu azaliwe. Wakamwambia, "Hakuna shida, wewe ruka tu." Yule maskini sasa akituona anapitia mlango wa nyuma. Na wengine, hawa ndio waliniua kabisa, wamekuwa wakimpeleka Hassan pembeni wamfundishe kuruka.

Anayewaongoza katika wazimu huu ni Mzee Simiyu. Bado yuko kwa lindo lake kule Lusail, na bado ni yule uliyekuwa unamwita mwenyekiti wa kelele. Nilipopendekeza tubadilishe ushambuliaji, alisimama akarekebisha mkanda wake akasema, "Mambo ya mbele yatabaki vile marehemu aliyaacha. Khalas, yamekwisha." Na wote wakaitikia. Hata kocha mkuu aliinama kama mtu ametajiwa Maandiko.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo niliposhikwa na hasira ya kweli. Mimi nilikuwa na jibu la kuwamaliza. Wewe mwenyewe uliniambia, siku ile umeegesha basi la wafanyakazi nje ya uwanja kule Thumama, shati la kazi bado mwilini, chapati ya mayai mkononi. Ulisema Kiprono akienda itabidi tuanze upya, mpira ushuke chini, na kazi hiyo itakuwa yangu. Ningesema maneno hayo mbele yao, mjadala ungeisha hapo hapo. Yalikuwa kwenye ncha ya ulimi.

Nikayameza. Kwa sababu ningekuwa nimefanya lile lile wanalofanya. Ningeshinda kwa mdomo wako. Na msimu ujao tukikwama tena, mwingine angekuja na maneno mengine uliyomwambia kwenye basi, nami ningebishana naye vipi? Tungekuwa tunachezea timu ya mtu ambaye hawezi kutujibu. Nilitaka wakubali kwa sababu wana macho na wameona magari yakigongwa na mipira.

Basi Ijumaa iliyopita tulikutana tena kwa Mzee Simiyu. Chai ya karak ilikuwepo, mandazi yalikuwepo, na ubishi ukaanza kabla sijavua viatu. Walikuwa wanapiga kura ya kumtafuta mrefu mwingine. Nikamwambia, "Mzee, nikuulize kitu cha nyumbani." Akasema niulize. Nikamuuliza kwetu mtu akizikwa kinafuata nini. Akanijibu vizuri, kwa sababu mila anazijua: siku chache baada ya mazishi ukoo unakaa, watu wananyolewa nywele, vitu vya marehemu vinagawanywa, mwenye neno lake analisema, na neno linaisha. Nikamuuliza, "Na sisi hapa Doha tulinyoa lini?"

Kwenu walinyoa, tuliona picha kwenye simu. Koti lako alipewa shemeji yako, baiskeli akachukua ndugu yako mdogo. Lakini sisi huku tulisimama nje ya hospitali, tukaimba wimbo mmoja, gari likaondoka, na sote tukakimbilia zamu. Filimbi yako bado inaning'inia kwenye msumari kwa Mzee Simiyu na hakuna mtu anaigusa.

Mtu mmoja, sijui nani, akaanza tena, "Lakini Wafula anataka..." Anataka. Si alitaka. Nikasimama, mkono ukagonga chai ikamwagika kwenye zulia, nikasema, "Wafula amekufa."

Sikusema umetutoka. Sikusema umelala. Nilisema hivyo hivyo, kama mtu anavyosema ng'ombe amekufa. Na nilikuwa sijawahi kulisema, Wafula. Hata kazini walipouliza nilisema tu kwamba umeenda nyumbani. Nikalia kama mtoto mbele ya wanaume wote wale, na nilivyokuwa nimekasirika sikutaka mtu anishike.

Mzee Simiyu akavua kofia. Yule mzee mwenye kelele alilia bila sauti yoyote, machozi yanateremka kwenye masharubu. Kisha akasema, "Basi tunyoe." Hassan hizo mila si zake, lakini yeye ndiye kinyozi wa jengo lao, na mashine ya kunyolea haimtoki mfukoni. Mzee akakaa kwenye katoni ya maji, akanyolewa wa kwanza. Akafuata kocha, wakafuata mawinga, mmoja mmoja. Mimi nilikatwa kidogo tu nyuma, maana kule hotelini ninakofanya kazi kichwa kikiwa wazi wataniuliza. Nisamehe kwa hilo.

Halafu tukagawanya. Filimbi akapewa kocha mkuu. Jaketi lako la mvua, ambalo sijui ulilileta Doha kufanya nini, akalichukua Mzee Simiyu. Viatu vyako vikubwa havikumtosha mtu, tutamtumia Kiprono. Mwisho mzee akauliza ushambuliaji anapewa nani, na hakuna aliyesema marehemu angetaka nani. Walitazamana wenyewe, wakabishana wenyewe, vizuri tu, kisha wakanipa mimi. Yule soja mgeni hakuinua mkono. Ni haki yake.

Nitakuambia ukweli sasa. Nilidhani hasira yangu ilikuwa juu ya hawa watu. Kumbe ilikuwa juu yako. Ulitoka zamu, ukalala, ukakataa kuamka, ukaniachia kikosi na Mzee Simiyu. Nimekukasirikia sana. Na kila krosi ilipokwenda kwenye magari nililaani, lakini pia nilisikiliza kidogo, kama labda utapiga kelele kutoka kwenye basi. Nikishusha huo mpira chini, hakuna tena kitakachofanana na wewe pale uwanjani. Hilo ndilo lililokuwa linaniuma, na bado linaniuma ninapoandika.

Lakini Hassan hataota urefu. Kwa hiyo pumzika, ndugu yangu. Umefanya kazi ya kutosha, na sisi tumekushikilia kupita kiasi. Ijumaa alfajiri naanza mazoezi ya pasi fupi, na nakuahidi sitamuuliza mtu yeyote wewe ungefanyaje. Hata mwenyewe sitajiuliza. Tukishinda, nitafurahi bila wewe. Na tukifungwa, itakuwa kwa makosa yangu.

Ni mimi dada yako,
Nekesa