Uwanja Aliofagia Mama

Alhamisi. Upepo umevuma hapa Miyuji tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye chai. Nami nina wivu.

Ninamwonea wivu Neema, binti ninayesoma naye uandishi wa habari chuoni. Mimi ni mstaafu, yeye ametoka sekondari juzi tu. Kila asubuhi ananiamkia kwa heshima, kisha ananishinda darasani.

Wiki iliyopita alitafuta mtu wa kumhoji kuhusu familia zilizohamishiwa vijiji vipya enzi za ujamaa. Nikamwelekeza kwa shangazi yangu, kule Mpwapwa. Sisi tulihamishwa nikiwa mtoto, na pale tulipotoka sijarudi kuishi tena. Miaka yote nimemuuliza shangazi kwa nini tuliondoka vile. Jibu lake ni lile lile: "Ya zamani yaache, baba."

Leo mwalimu amenipa kazi ya kuhariri kipindi cha redio cha Neema. Nikavaa hedifoni kusikiliza mahojiano aliyoyarekodi kwa simu yake. Nikamsikia shangazi akisimulia kwamba asubuhi ile, lori likiwa tayari linanguruma, marehemu mama yangu alifagia uwanja wote.

"Alisema hawezi kuacha kwake kuchafu." Shangazi akacheka.

Mama yangu. Na mimi sikujua.

"Ulimuulizaje?" nilimuuliza Neema.

"Kawaida tu, babu. Nilimuuliza asubuhi ile walifanya nini. Wewe labda unampelekea maswali ya bungeni."

Wenzake walicheka. Nami nilicheka, mdomoni tu.

Kipindi kilizidi kwa dakika moja, ilibidi kipunguzwe. Nilikaa muda mrefu pale penye ufagio. Ningekata pale, nani angejua? Pangebaki pangu peke yangu.

Ulikuwepo pia utangulizi kwa sauti yangu. Niliomba mwenyewe niusome, nikaeleza historia ya kuhamishwa kwa sentensi ndefu nilizozipenda. Nao ulichukua kama dakika moja hivi.

Nikaukata huo.

Sijawa mtu mwema kwa hilo. Bado inaniuma kwamba habari ya mama yangu imenifikia kupitia simu ya mtoto wa watu.

Jumamosi napanda basi la Mpwapwa. Kwa nini tuliondoka, sitauliza tena. Nataka kujua kitu kimoja tu: alipomaliza kufagia, ufagio aliuweka wapi?