X Nyekundu Ukutani kwa Mama

Muscat, Jumatatu

Kaka Bakari,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto mu wazima hapo Handeni mjini. Mimi afya ninayo, ila roho imechafuka. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Mama amenieleza habari ya X. Alinieleza taratibu, kama anasimulia msiba wa jirani. Watu wa barabara wameipaka rangi nyekundu nyumba niliyomjengea, amepewa mwezi mmoja iwe imebomolewa.

Nilikuambia nini, kaka? Nilisema jenga nyuma, karibu na kaburi la baba, na ile nyumba yake ya udongo uiache isimame. Ukaniona mshamba. Lami imefika, ukasema, nani atajenga porini? Barabara yenyewe ni hicho kipande cha Korogwe hadi Handeni, ambacho nikiwatajia Watanzania wenzangu huku wananiuliza kiko mkoa gani. Kwa kipande hicho ukaibomoa nyumba ya baba, ukajenga palepale mbele ili abiria waione.

Hayo ningeyameza. Kinachonichoma ni jibu lako. Wale vijana wa barabara, kabla ya kupaka X, walikuuliza kwa ustaarabu, "Mzee, mliikuta barabara au barabara iliwakuta?" Kila mtu wa njia ile analijua swali hilo. Barabara ikikukuta, unalipwa fidia. Ukiifuata, unabomoa mwenyewe. Babu alilima pale kabla gari halijapita. Na wewe, kwa kujisikia, ukawaingiza sebuleni ukawaonyesha vigae: "Hii mpya kabisa, nimekuja kuijenga hapa baada ya lami."

Eti umeijenga! Kaka, hukununua hata bawaba.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Anasema alitaka kukusahihisha, akaona asikuaibishe mbele ya wageni. Nimelia kwa hilo kuliko kwa nyumba. Sasa anaogopa kubomolewa akiwa usingizini, amehamishia kitanda jiko la nje, kwenye moshi, na kifua chake unakijua.

Basi nisikilize. Nimempigia mjomba Mhina, na amekubali kusimamia ujenzi, nyuma, pale nilipotaka tangu mwanzo. Tofali utazibomoa wewe, moja moja, kabla katapila halijaja, na utazibeba kwa mikono yako. Usiniambie habari ya vibarua. Mpaka paa lipande, mama atakaa kwako, na utamlaza chumbani kwenu, si sebuleni.

Msalimie wifi, yeye hana kosa. Msalimie shangazi aliyenifungia kanga zake mbili siku ya safari, bado ninazivaa. Watoto wabusu.

Mnajua nilikuwa narudi baada ya Ramadhani. Mama alishaanza kuniwekea mbaazi. Leo asubuhi nimesaini mkataba mwingine wa kazi huku, miaka miwili. Usimwambie. Nitamwambia mwenyewe akishapata pa kulala.

Ni mimi mdogo wako,
Zaina