Kidole Chenye Unga

Arlington, Jumanne

Na harufu ya chapati za jioni ile bado naisikia.

Leo Achieng, wakili tunayesali naye, ameniuliza nili-sign vipi fomu ya kodi ya mapato, ya pamoja na mume wangu, bila kujua huyo Baba Brian ameficha pesa za magari aliyokuwa akiuza. Mwenyewe alihamia Houston, hashiki simu. Deni la kodi limeniangukia mimi.

Nikamweleza. Jioni ile nilikuwa nasukuma chapati. Baba Brian akaja na fomu kwenye simu: "Mama Brian, weka sahihi hapa."

"Huoni mikono imejaa unga?"

Akashika kidole changu, akakipangusa kwa shati lake la kanisa, akakipitisha mwenyewe kwenye kioo. Tulicheka mpaka chapati ikaungua. Mwanaume yule! Nimemkasirikia mwaka mzima, na leo nimecheka tena kwenye ofisi ya wakili.

"Hiyo ndiyo tunataka," Achieng akasema. "Inaonyesha hukusoma chochote. Watu wa kodi wanaweza kukuondolea hilo deni. Andika yote."

Nimeandika. Unga, simu, shati, hata chapati iliyoungua.

Ila kabla ya kukiachilia kile kidole, Baba Brian alikibusu. Hilo sikuwaandikia.