Betri ya Gari la Daktari Imekufa

Baba, shikamoo.

Lile gari lenye vitanda na jiko aliloliacha daktari mzungu uani kwetu haliwaki. Betri nimeifunga kwenye baiskeli, naipeleka Kaengesa ikachajiwe kwenye jenereta. Ntarudi kesho mchana.

Asubuhi dada Atuganile alisema tumbo linambana, halafu akacheka, eti maharage. Mimi sikucheka, mwezi wake wa kujifungua si huu? Nikakimbilia gari, nikawasha. Likasema "tik", basi. Mtaa mzima gari ni hilo moja.

~~Ni mdogo wangu Suma, kaacha taa ya jikoni humo ndani.~~

Si Suma. Ni mimi. Betri za redio madukani hakuna, nikaiunga redio yako kwenye betri ya gari tusikilize mpira na jirani Zenon. Nikasahau kuchomoa. Na daktari alituambia gari likikaa tufungue waya wa betri, tukaona mzungu anatuchosha tu.

Uchungu ukianza msinisubiri. Mimi na Zenon tumelisukuma mpaka kwenye mteremko, nimetia mawe kwenye magurudumu. Ni la dizeli, likisukumwa linawaka hata bila betri. Mwite balozi wa nyumba kumi alete watu, wewe tia gia ya pili. Taa hazitawaka, karabai nimeijaza mafuta, iko mlangoni.

Dada asijue nimeogopa hivi. Mwambie nimefuata dizeli.

Ni mimi, mjomba, Mungu akinijalia kuitwa hivyo.